Banda la Kuku wa Nyumbani: Pesa Iende Wapi?

Mtu anayetaka kufuga kuku ishirini nyuma ya nyumba yake, iwe Mbagala, Usa River au Makambako, hakosi washauri. Fundi atamwambia ajenge kwa tofali na saruji, amalize kazi mara moja. Jirani aliyekulia kijijini atamwambia hiyo ni kuzika fedha, apige kichanja cha mabanzi. Muuza vizimba vya waya atamwonyesha picha za mayai yanayojiviringisha yenyewe hadi kwenye mfereji. Ofisa ugani atamwambia kuku watano kwa mita moja ya mraba, ilhali karatasi iliyobandikwa kwenye duka la vyakula vya mifugo inasema kumi. Na bibi yake atamuuliza tangu lini kuku akajengewa nyumba, na mwembe upo palepale uani.

Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, ila kila mmoja anazungumzia kuku wake, mahali pake na, wengine, biashara yake. Hapa tutazipima hoja hizo kwa kumfikiria mfugaji wa kipato cha kawaida, mwenye kuku kati ya 10 na 30 wa kienyeji au chotara, na eneo dogo nyuma ya nyumba. Niseme mapema ninakoelekea: wengi humaliza fedha zao kwenye kuta, wakati kuku wao watakufa kwa sababu ya sakafu, hewa na mlango.

Mkanganyiko umetoka wapi

Chanzo cha kwanza ni tarakimu zinazosafiri bila kuku wake. Kuku 10 kwa mita ya mraba ni kipimo cha kuku wa nyama, anayeingia bandani akiwa kifaranga na kutoka kwenda sokoni baada ya wiki tano au sita. Nafasi hiyo anaijaza siku chache tu za mwisho. Mtetea wa kienyeji au chotara atakaa humo mwaka, miwili, hata mitatu. Anahitaji pa kutagia, pa kuatamia na pa kumkwepa mwenzake mkorofi. Kwake kipimo kinachofaa ni kuku 4 hadi 6 kwa mita ya mraba, na kama anashinda nje, 6 hapana neno. Mfugaji anayechukua ile kumi na kuipeleka kwa mitetea wake hupata kudonoana, manyoya kunyofoka na mayai kuliwa, kisha analaumu mbegu ya kuku.

Chanzo cha pili ni hali ya hewa. Banda lililo wazi pande mbili ni raha kwa kuku wa Dar es Salaam au Tanga mwezi wa Februari. Litie Makete usiku wa Julai, vifaranga watalundikana kwenye kona wakitafuta joto, na wa chini watakufa kwa kubanwa. Mchoro mmoja wa banda hauwezi kutumika sehemu zote mbili bila kubadilishwa, lakini ndivyo michoro inavyogawiwa.

Cha tatu ni maneno yenyewe. Pwani, tundu au kizimba cha kuku kilikuwa kitu kidogo cha kulaza kuku usiku, asubuhi kinafunguliwa nao wanatawanyika uani. Siku hizi tunaposema banda tunachanganya hicho na nyumba ambamo kuku hushinda na kulala, hula na kutaga humo humo. Ni vitu viwili tofauti kwa ukubwa na kwa gharama. Anayefuga nusu huria, yaani kuku wanatoka mchana na kurudi jioni, anaweza kujenga kidogo na kutumia akiba hiyo kwenye uzio. Anayefungia kuku siku nzima hana budi kutoa nafasi, maji, chakula na hewa ndani. Swali la kwanza la mjenzi, kabla ya tofali wala mabanzi, ni hili: kuku watashinda humo, au watalala tu?

Adui ni unyevu

Kuku mmoja mkubwa hutoa kinyesi cha gramu 100 hivi kwa siku, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Kuku 20 basi hudondosha kilo 2 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 60, na ndani yake mna lita 45 za maji. Hizo ni ndoo mbili za lita ishirini na zaidi. Fikiria umezimwaga kidogo kidogo kwenye sakafu ya mita 2 kwa 2, halafu ukafunga madirisha. Maji hayo yana njia mbili tu: yapae hewani yatoke nje, au yabaki sakafuni.

Yakibaki, mambo mawili hutokea. La kwanza ni amonia, ile harufu kali inayotokana na kinyesi kuoza kwenye unyevu. Huunguza macho ya kuku na kuharibu utando wa njia yao ya hewa, na kuku aliyeharibika hapo hushikwa na mafua kwa urahisi. Kipimo chake hakihitaji mashine. Chuchumaa bandani alfajiri, kabla ya kufungua mlango wa kuku, uso wako ukiwa usawa wa kichwa cha kuku. Macho yakikuwasha, kuku wako wamelala usiku kucha ndani ya hewa hiyo.

La pili ni kuhara damu. Vimelea vya ugonjwa huu hutoka na kinyesi vikiwa bado havijakomaa, na havimdhuru anayevimeza wakati huo. Vinahitaji siku moja au mbili nje ya kuku, penye joto, hewa na unyevu, ndipo viweze kuambukiza. Joto na hewa huwezi kuviondoa katika banda la kuku. Unyevu unaweza. Ndiyo maana wafugaji wawili wenye kuku wa aina moja, waliolishwa chakula kimoja, hupata matokeo tofauti: mmoja ana maranda makavu yanayopukutika mkononi, mwingine ana tope chini ya chombo cha maji.

Ukilielewa hili, ushauri mwingi unaopingana huanza kujipanga. Sakafu ya kichanja ni njia ya kuutenga unyevu na kuku. Maranda ni njia ya kuunyonya. Wavu mahali pa ukuta ni njia ya kuutoa nje. Paa lenye mabawa mapana ni njia ya kuzuia mwingine usiingie. Zote zinapigana vita moja, na tofauti yao ni bei na uvumilivu wa mwenye banda.

Joto nalo lina sehemu yake. Kuku hana tezi za jasho, hivyo njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema mdomo wazi. Hali ya hewa anayoipenda ni kama nyuzi 18 hadi 24, na ikipita 30 huanza kutanua mabawa, kula kidogo na kupunguza mayai. Bati lililo chini, kimo cha kiuno cha mtu, saa nane mchana ni jiko. Paa likipandishwa hadi mita 2, upepo ukapita chini yake, bati lile lile halina shida kubwa. Makuti au nyasi zikitandazwa juu yake husaidia zaidi, na mti wa kivuli husaidia kuliko vyote bila kudai hata msumari.

Wanaosema kuku hahitaji banda

Tuanze na hoja ya bibi, kwa sababu hupuuzwa mapema mno. Kuku wa kienyeji analala juu ya mti. Hapo ana hewa safi, hana amonia, wala hagusani na kinyesi cha jana. Mwenye kuku hatumii hata senti. Kwa karne nyingi vijiji vya nchi hii vimekula kuku na mayai kwa njia hiyo, na kuku waliobaki ndio hao wagumu tunaowasifu.

Udhaifu wake umo katika msemo tunaoutamka kama mzaha wa umaskini: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Ukiusoma msemo huo kama mfugaji, ni orodha ya kasoro za malazi. Asiyetaga nyumbani anataga vichakani, na mayai yake huliwa na nguchiro na kenge. Asiyeangua hufukuzwa kiotani na utitiri, au hunyeshewa siku ya kumi na tano kati ya zile ishirini na moja. Na mwewe huchukua vifaranga waliotembezwa uwanja mtupu wiki yao ya kwanza, kwa sababu hapakuwa na tenga la kuwafunika pamoja na mama yao. Katika miji ya Pwani mwewe ana mwenzake, kunguru mweusi wa Bara Hindi aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ambaye anakwapua kifaranga mbele ya macho ya mwenyewe.

Lakini hoja nzito zaidi dhidi ya mti ni chanjo. Mdondo, ambao sehemu nyingine huitwa kideri, hauzuiwi na banda la aina yoyote. Unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa wiki chache, waliolala mtini na waliolala kwenye vigae. Kinga yake ipo: chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, iliyoanzia kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia na ambayo huzalishwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja kwenye jicho, na hurudiwa kila miezi mitatu. Sasa jaribu kumdondoshea tone kuku aliye kwenye tawi la mwembe. Kuku 20 waliofungiwa usiku hushikwa mmoja mmoja alfajiri na kazi ikaisha kabla ya chai. Kuku 20 waliotawanyika hukimbizwa nusu siku, na watano hawapatikani. Hao watano ndio wataingiza ugonjwa. Kama banda lingekuwa na kazi moja tu, ya kuwakusanya kuku kwa ajili ya chanjo, bado lingelipa gharama yake.

Katikati ya mti na banda kuna desturi ya tatu: kulaza kuku jikoni au kwenye chumba wanamolala watoto, kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo ni ya kweli na sina la kumlaumu anayefanya hivyo. Gharama yake hubebwa na afya ya watoto, kwa kuwa kinyesi cha kuku hubeba bakteria wa Salmonella na Campylobacter, na mtoto anayetambaa hupeleka mkono mdomoni. Banda dogo lililotengwa nje, lenye komeo imara, linafaa kuliko desturi hiyo.

Hoja ya tofali na saruji

Banda la tofali lina sifa zinazoonekana kwa macho. Mchwa hawaliguguni. Panya hawachimbi. Mwizi hakati ukuta kwa kisu. Sakafu ya saruji inaoshwa, inapigwa dawa, inakauka. Utitiri hupata nyufa chache za kujificha kama ukuta umepigwa lipu. Kwa mwenye kiwanja chake, anayejua hatahama, ni kitu cha miaka ishirini.

Tazama hesabu yake, kwa banda letu la mita 2 kwa 2. Mzunguko ni mita 8, na kozi moja ya matofali ya saruji ya kawaida hula matofali 17 hivi. Ukipandisha ukuta hadi mita 2, ni kozi nane, matofali yapatayo 135 kabla ya kutoa nafasi ya mlango. Ukiishia kozi mbili na kuweka wavu juu yake, ni matofali 35. Matofali 100 yaliyobaki, na saruji na mchanga wa kuyaunganisha, na siku za fundi, vimenunua nini? Katika joto la Pwani vimenunua madhara: vimefunga njia ya hewa. Banda lililojengwa kama chumba cha mtu, lenye dirisha moja dogo, ni ghali na linaugua. Na haya ndiyo mabanda yanayosifiwa na wapita njia.

Sakafu ni jambo jingine. Zege jembamba la sentimita 5, la uwiano wa saruji moja, mchanga tatu na kokoto sita, kwa eneo hilo la mita 2 kwa 2 linahitaji kama mfuko mmoja wa kilo 50. Mfuko mmoja. Hapo ndipo saruji inapolipa, kwa sababu inazuia panya kutoka chini, inazuia unyevu wa ardhi kupanda, na inaruhusu jembe kukwangua. Sakafu ipandishwe juu ya uwanja kwa sentimita 20 au zaidi, ikiwa na mteremko mdogo kuelekea mlangoni. Asiye na mfuko huo ashindilie udongo wa kichuguu, akijua kwamba atarudia kazi kila baada ya muda na kwamba panya watamjaribu.

Juu ya sakafu hiyo hutandazwa maranda au pumba za mpunga, kina cha sentimita 5 hadi 10. Vumbi laini la msumeno halifai, huwaziba kuku pua na vifaranga hulila. Maranda hugeuzwa kila siku mbili tatu, palipolowa huondolewa papo hapo. Katika mikoa yenye mashine za kukoboa mpunga au viwanda vya mbao, hili ni jambo la gunia na toroli. Mahali pasipo na hivyo, kama sehemu kadhaa za Dodoma na Singida, gharama ya kuyaleta inaweza kuishinda faida, na hapo hoja inayofuata hupata nguvu.

Hoja ya kichanja

Kichanja ni banda lililoinuliwa kwa nguzo, sakafu yake ni mabanzi, fito au mianzi iliyoachiwa nafasi ya sentimita 2 hivi, na kinyesi hudondoka chini. Kwa hali nyingi za uswahilini na vijijini, naona ndilo jibu linalodharauliwa bila sababu. Linatenga kuku na kinyesi bila maranda. Mvua za masika zikifurika uani, kuku wako juu. Nyoka na kicheche hupata shida kupanda, na nguzo zikisimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu, siafu hawapiti. Mpangaji akihama anaweza kulibeba. Kinyesi kikavu kilichoko chini kinazolewa kwa koleo na kupelekwa kwenye matuta ya mchicha baada ya kuozeshwa.

Lina mapungufu, tena si madogo. Mbao ni makazi ya utitiri mwekundu na papasi. Mchana wadudu hawa hujificha kwenye nyufa na chini ya fito, usiku hutoka na kunyonya damu ya kuku waliolala, na mfugaji anayekagua banda lake mchana haoni kitu. Njia ya kuwagundua ni kupitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia saa tatu usiku. Kikitoka na michirizi ya damu, wamo, na wana uwezo wa kukaa miezi kadhaa bila kula wakisubiri kuku wapya. Kwa hiyo anayenunua kuku wapya baada ya kuku wa kwanza kufa, akawaingiza kwenye kichanja kile kile bila kukiunguza kwa maji yanayochemka na kukipaka chokaa, amewaandalia wadudu karamu.

Pia vifaranga hawafai kukaa juu ya sakafu yenye nafasi, miguu yao hunasa. Watandikiwe gunia au walelewe chini kwenye tenga. Nyanda za juu, upepo unaopita chini ya kichanja usiku ni baridi isiyovumilika. Na mwizi wa mjini hang'oi tofali, lakini ubanzi mmoja anaung'oa kwa mkono. Mchwa nao wana zamu yao, ingawa kupaka nguzo oili chafu na kuziondoa zisigusane na udongo huchelewesha uharibifu kwa misimu kadhaa.

Kosa linalorudiwa zaidi kwenye kichanja ni kimo cha ndani. Wengi hujenga kisanduku cha nusu mita ambacho mtu hawezi kuingia wala kufikisha mkono kwenye kona ya nyuma. Kona hiyo haisafishwi kamwe. Banda dogo la aina hii ni lazima ubavu wake mzima ufunguke kwa bawaba, kama kabati.

Vizimba vya waya

Hapa nitakuwa mfupi. Vizimba vilibuniwa kwa kuku wa mayai wa kisasa, waliochanjwa, wanaolishwa chakula kamili kila siku, kwa mamia na maelfu. Huko vina faida za kweli: mayai safi, kazi chache, kuhara damu kidogo. Kuku 20 wa kienyeji hawana faida hizo. Hawawezi kuatamia humo, hawawezi kujigaragaza kwenye majivu kuondoa chawa, na chakula chote, hata mboga aliyoweza kujichumia, kinakuwa cha kununua. Nafasi ya kila kuku katika vizimba vya kawaida ni ndogo kuliko karatasi moja ya A4. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya namna hiyo tangu Januari 2012, na baadhi ya wauzaji bado wanavitangaza kwetu kama ndiyo maendeleo yenyewe. Kwa mfugaji tunayemzungumzia, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Gharama zisizo kwenye orodha ya fundi

Wavu wa kuku wenye matundu ya inchi moja umepewa jina linalopotosha. Unazuia kuku asitoke. Mbwa mwenye njaa au kicheche huuchana, na nyoka na panya hupita katikati ya matundu. Wavu mzito wa nusu inchi ni ghali, lakini hauhitajiki banda zima. Uzungushwe chini, kimo cha mita moja kutoka ardhini au juu ya zile kozi mbili, na kwenye sehemu ya uzio ufukiwe sentimita 30 dhidi ya wachimbaji. Juu ya hapo wavu wa kawaida unatosha. Mfugaji asiyeweza kununua wavu wa kutosha afunge upande unaopigwa na mvua kwa mabanzi na kuweka wavu kwenye pande mbili tu.

Zipi? Kwa nchi iliyo karibu na ikweta, jua husafiri mashariki hadi magharibi, hivyo kuta zizibwe pande hizo na wavu uelekee kaskazini na kusini. Pwani, mpangilio huo una zawadi ya ziada: hupokea upepo wa kaskazi na wa kusi, kila mmoja katika majira yake. Nyanda za juu, wavu ufunikwe usiku kwa pazia la mifuko ya sulfeti, lililofungwa chini na kupandishwa kuelekea juu, ili hata likifungwa kiasi gani ubaki mwanya wa hewa karibu na paa. Wengi hulining'iniza kutoka juu kama pazia la sebuleni, na hivyo huziba pale panapotakiwa kuwa wazi na kuacha upepo uwapige kuku miguuni.

Kuna suala la umbali. Banda likiwa karibu na dirisha la chumba cha kulala, mwizi atasikika, na harufu na inzi vitakuwa vyako. Likiwa mpakani, harufu inakuwa ya jirani, pamoja na jogoo wa saa kumi alfajiri, na mjini halmashauri zina sheria ndogo kuhusu mifugo na usafi ambazo jirani aliyechoka anazijua vizuri. Hakuna mahali pasipo na hasara. Kwa kuwa harufu inaweza kupunguzwa kwa ukavu na wizi hauwezi, ningependekeza banda lisogee karibu na nyumba na mwenye nyumba aape kulisafisha.

Gharama kubwa kuliko zote ni ile ya kuongeza kuku. Banda la 20 likifanikiwa, mwenyewe huangua vifaranga 30 na kuwaacha humo humo. Kufikia miezi minne wamekuwa wakubwa, na lita 45 za maji kwa mwezi zimekuwa zaidi ya 100. Sakafu ile ile, wavu ule ule. Ugonjwa unaofuata huitwa mkosi, na watu husema kuku wamepatwa na jicho la watu.

Mizani

Kwa kuku 20 wanaotoka mchana, banda la mita 2 kwa 2 linatosha. Paa la mita 3 kwa 3, lenye mabawa ya nusu mita kila upande dhidi ya mvua, ni mabati manne ya mita 3. Fito mbili za mita 2, zikiwa kimo kimoja ili kuku wasigombee ya juu, humpa kila mmoja sentimita 20 za kulalia. Viota vitano vya sentimita 30 kwa 30 vinatosha mitetea wote, na viwe chini kuliko fito, kwa sababu kuku hupenda kulala palipo juu kuliko kwingine na kiota kilicho juu hugeuka choo. Debe lililokatwa, kreti ya nyanya au tenga kuukuu, vyote vinafaa. Mlango uwe wa kumpitisha mtu mzima aliyebeba koleo.

Mwenye kiwanja chake, kwenye eneo kavu lenye maranda jirani, ajenge nusu kwa nusu: sakafu ya zege, kozi mbili za tofali, nguzo za mirunda, wavu na bati. Anapata uimara wa tofali kwa robo ya matofali yake. Mpangaji, au mwenye uwanja unaotuama maji wakati wa masika, au asiye na maranda karibu, achague kichanja kinachofunguka ubavu mzima, na akubali kazi ya kuwawinda utitiri kila mwezi. Wa Njombe na Makete apandishe ukuta hadi kifuani, aweke pazia, na asiguse kichanja isipokuwa amekiziba upepo chini. Mwenye vifaranga, popote alipo, aanze na tenga, maana hakuna kifaa cha bei ndogo kinachookoa roho nyingi kama hicho.

Fedha zikipungua katikati ya ujenzi, zipunguzwe kwenye ukuta, kwenye viota, kwenye rangi. Zisipunguzwe kwenye paa, kwenye wavu wa chini wala kwenye kufuli. Na kabla ya kumlipa fundi chochote, mfugaji aende kwa ofisa ugani wa kata yake aulize tarehe ya chanjo ijayo ya mdondo, kisha atenge fedha ya chanjo ya mwaka mzima, mara nne kwa kila kuku. Kinachobaki hapo ndicho cha banda.